Asizikwe Kabla Hajatukanwa

Bibi yangu Ethel aliomba jambo moja tu kabla ya kufa: asizikwe mpaka Emilia awe amekuja kumtukana.

Sauti yake ilikuwa imekauka lakini akili ilikuwa timamu. Alinishika mkono akalisema neno hilo mara mbili, na Mjomba Bartholomayo, mwanawe wa pekee aliyebaki hai, alikuwa amesimama mlangoni akasikia. Mjomba akatikisa kichwa kwa huruma, akidhani ni homa inayosema. Mimi nilijua si homa. Nikamwambia, "Atakuja, Bibi. Atakutukana mpaka uone haya." Akacheka kidogo. Alfajiri yake akafariki.

Mwaka ulikuwa 1956, na tulikuwa Newala, huku juu ukingoni, ambako ukisimama nyuma ya boma unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yako. Mimi nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, Bibi akanilea, kwa hiyo aliyelala mle chumbani alikuwa ndiye mama niliyemjua.

Huyo Emilia alikuwa Mngoni, rika moja na Mjomba. Aliishi Ndanda, ambako mumewe alikuwa seremala wa mission. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda lori mpaka Newala, akaingia kwetu bila kupiga hodi, akafunua vyungu, akasema ugali huu umepikwa na kipofu, akamkamata kuku aliyenona kuliko wote akamtia kapuni. Bibi alimfukuza na mwiko uani kote. "Mwizi we! Mgwangwara we! Babu zako walimaliza mbuzi, wewe unamaliza kuku!" Halafu wote wawili walicheka mpaka wakashikana ili wasianguke. Nilipokuwa mtoto nilidhani kila nyumba ina mwizi wake anayesindikizwa kwa kukumbatiwa. Baadaye ndipo nikaambiwa neno lenyewe: ni mtani.

Mjomba hakuupenda utani huo. Alikuwa karani mkuu bomani na mzee wa kanisa, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi. Hakupenda kelele, na hakupenda mambo ya zamani. Bibi akianza tu kusema, "Nilipokuwa Ungoni," Mjomba alikohoa. "Mama, wageni wanasikia." Sababu niliijua. Alipokuwa mvulana shuleni, wenzake waligundua kwamba mama yake aliwahi kuchukuliwa mateka, wakamwita mwana wa mtumwa mpaka akamaliza shule. Tangu hapo aliufunga mlango huo, na asingemruhusu mtu aufungue hata kidogo. Simlaumu kwa kuumia. Ila mtu mzima kukaa miaka hamsini karibu na mama yake bila kumuuliza swali moja, hilo hunipandisha hasira hata leo.

Nami nisijisifu, nilianza kuuliza kwa sababu ya kukasirishwa. Chuoni tulifundishwa wafalme wa Uingereza, na nilikuwa hodari. Ungeniamsha usingizini ningekutajia wake wa mfalme yupi walikatwa vichwa, na kwa kosa gani. Nikarudi Newala na cheti changu, na siku moja sokoni Mzungu wa idara ya maji akaniuliza, huku akitabasamu, ni watu gani hawa wanaojenga juu ya mlima wakati maji yako chini bondeni. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa nini kuku hugongana na ukuta. Nikafungua mdomo nimjibu, na jibu sikuwa nalo. Nimezaliwa huku, nimebeba ndoo kichwani tangu nina akili, nami, mwenye cheti cha historia, nilikuwa sijui kwa nini.

Nilifika nyumbani nimefura. Bibi alikuwa akichambua kunde. Nikamrushia swali lile lile.

"Kwa ajili ya babu zake Emilia," akasema, bila kuinua macho kwenye ungo.

Ndipo akanisimulia, jioni hiyo na nyingine nyingi. Alikuwa mtoto wa kuokota kuni pale Masasi wakati Wangoni, ambao huku tuliwaita Magwangwara, walipoishukia mission na vijiji vyake. Walichoma, wakaua, wakakusanya watu kama watu wanavyokusanya mahindi. Yeye na mama yake walifungwa pamoja. Waliobahatika kukimbia walipanda huku juu, kwenye vichaka vizito ambavyo mtu asiye mwenyeji hapiti, wakavifanya kuwa ukuta wao. Waliyaacha maji chini kwa makusudi. Walipima kiu na mkuki, wakachagua kiu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda ukingoni. Wanawake walikuwa wakipanda kutoka bondeni na ndoo na mitungi, mmoja nyuma ya mwingine, jasho likiwatoka, wakipiga soga kama kawaida. Nilikuwa nimewaona hivyo maisha yangu yote. Siku ile mwili ulinisisimka. Vita vilikwisha kabla mama yangu hajazaliwa, lakini miguu ya wanawake hawa ilikuwa bado inavikimbia, kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja aliyejua. Nilikaa chini kwenye majani. Niliogopa, na nilifurahi, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Tangu siku hiyo mwanafunzi akiniuliza historia ni ya nini, namtuma kwanza akachote maji.

Basi, Bibi alikufa, tukampelekea Emilia habari kwa dereva wa lori la korosho. Maziko yakapangwa kesho yake alasiri. Mjomba alikuwa amewaalika wakubwa wa bomani na walimu, na Padre alikwisha fika. Viti vilikuwa vimepangwa kwa mistari. Mzee Nurdini, jirani yetu Mwislamu aliyemjua Bibi tangu ujana, ndiye aliyesimamia vijana wa kuchimba kaburi.

Emilia aliingia saa saba mchana, vumbi la barabara limemfanya mweupe. Alikuwa amejiandaa, nilimwona. Kanga ameifunga kiunoni kwa kukaza kama mtu anayekwenda kupigana, na macho yalikuwa tayari yamelowa. Kwa desturi, mtani akifika msibani hulia kidogo, kisha huanza kazi yake: huvaa nguo za marehemu na kumwigiza, huzuia jeneza njiani, huingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu. Watu hucheka huku machozi yanawatoka, na kifo kinapungua ukali. Nami nilikuwa nimemwandalia tusi langu.

Sikuwahi kulisema. Mjomba aliniwahi. Alimwendea Emilia mikono yote miwili imenyooshwa, akainama kidogo.

"Karibu sana, Mama Maria. Pole kwa safari. Tumefarijika mno kwa kuja kwako."

Emilia akasimama.

Mjomba akamletea kiti, kile cha mikono, cha mstari wa mbele. Akaamuru chai ije, na sukari isipunguzwe. Kisha kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, akamwambia kwamba leo pana wageni wa heshima, na marehemu alikuwa Mkristo, hivyo angeshukuru iwapo Mama Maria angeketi tu pamoja na waombolezaji wengine. Alisema "tafadhali." Alisema "samahani." Nadhani maishani mwake hajawahi kumheshimu mtu kama alivyomheshimu Emilia mchana ule.

Uso wa Emilia ulififia mbele ya macho yangu. Hakugusa chai. Alitutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta nyumba aliyoizoea na kukuta imejengwa nyingine.

"Ahsante, Bwana Bartholomayo," akasema. "Poleni kwa msiba."

Akaifungua kanga kiunoni, akajifunika mabegani vizuri kama mgeni, akatoka. Lori lilikuwa bado liko sokoni likipakia, lirudi Masasi.

Mjomba akashusha pumzi. "Umeona? Mtu ukimwambia vizuri anaelewa."

Lakini Mzee Nurdini alikuwa ameona. Alitia jembe lake begani, akawaita vijana wake watoke shimoni.

"Kaburi halijaisha, Mzee," Mjomba akamwambia.

"Na halitaisha kwa mkono wangu. Mtani wa marehemu ametoka humu ameagwa kwa heshima. Nyumba hii imevunja kitu, na mimi sitaki kuwa mtu wa kukifukia."

"Mimi nimemtukana? Nimempa kiti!"

"Ndiyo hayo, mwanangu. Umempa kiti," Nurdini akasema, akaenda kukaa pembeni.

Mjomba akabaki anageuka huku na huku. Wakubwa wa boma wakaanza kutazama saa zao. Nikamshika mkono mjomba wangu, jambo ambalo mpwa hafanyi, nikamvuta mpaka nyuma ya jiko.

"Mjomba, unajua umemfanya nini? Umemwambia ni mgeni. Wageni wa kutoka kwao walikuwa wakija hapa na mikuki. Kinachozuia yale ni matusi haya haya unayoyaonea haya."

"Cecilia, sasa si wakati wa somo."

"Ndiyo wakati wenyewe. Hujui Emilia ni nani."

"Ni mtu wa kabila lililomfanya mama yangu mtumwa!" akasema, na sauti ikamkatika. "Unataka leo, mbele ya watu wote, huyo mwanamke alitamke neno hilo juu ya kaburi? Nimelibeba tangu utotoni. Leo angalau Mama apumzike nalo."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mvulana yule wa shuleni. Hasira ikanitoka. Nikamsimulia taratibu, kama Bibi alivyonisimulia mimi.

Mama yake Bibi alifia njiani, kabla hawajafika Ungoni. Mtoto akatiwa katika nyumba moja, kutwanga na kuchota maji. Katika nyumba ile kulikuwa na binti wa rika lake. Walilala mkeka mmoja. Bibi alipopigwa, binti yule alimfichia chakula. Wakakua. Bibi alipokuwa mwali alitoroka na msafara wa wafanyabiashara uliokuwa ukielekea pwani, akafika Masasi, akasikia kwamba ndugu zake wako Newala, akapanda. Akabatizwa, akaolewa, akazaa.

Halafu ikaja Majimaji. Wajerumani walipowashinda Wangoni waliwanyonga wakubwa wao, wakachoma maghala, na njaa ikamaliza waliobaki. Siku moja Bibi alikuwa anapanda kutoka bondeni, mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni. Njiani akakuta mwanamke amekaa chini, mifupa mitupu, ameshika kichanga kisicholia tena. Chale za usoni zilikuwa za Kingoni. Kilima kilichopandwa kuwakimbia Wangoni, Mngoni wa kwanza Bibi kumwona akikipanda alikuwa huyo, na alikuwa hawezi kusimama.

Bibi akamtambua. Alikuwa binti wa ule mkeka.

"Mjomba, angeweza kupita," nikasema. "Nani angemlaumu? Aliniambia alisimama pale na mtungi kichwani, na mama yake aliyezikwa njiani akamjia mbele ya macho. Halafu akafungua mdomo, akasema: 'Mwizi we! Umekuja kuniiba tena? Basi safari hii unibebe mgongoni, maana miguu inaniuma!' Yule mwanamke akacheka. Anakufa, na anacheka. Bibi akatua mtungi akampa maji. Juu kulikuwa na wanaume wanaolinda njia, wameshika mikuki, na Bibi akamtukana mbele yao: Mgwangwara ndiye huyu, mtazameni, anatisha kweli kweli. Wakacheka wote. Aliniambia mtu uliyekwisha cheka naye, mkono hauinuki tena kumchoma."

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta wa jiko.

"Na kile kichanga," nikamalizia, "mama yake hakuwa na ziwa. Lilikuwa limekauka. Bibi alimshusha mtoto wake mgongoni, akamweka ziwa la kulia, na kichanga akakiweka la kushoto. Aliwanyonyesha wote wawili mpaka mavuno. Kichanga kilikuwa Emilia. Mtoto wa mgongoni ulikuwa wewe."

Nimefundisha historia miaka mingi baada ya hapo, na sijapata kuona tena uso wa mtu ukigeuka vile. Alinitazama kama niliyemwambia kwamba ana dada. Na kweli ndicho nilichomwambia.

Honi ya lori ikalia sokoni.

Mjomba akakimbia. Mzee wa kanisa, karani mkuu wa boma, na suti yake nyeusi ya msiba, alikimbia katikati ya soko la Newala, akiruka makapu ya mihogo, nami nyuma yake nimeshika viatu mkononi. Emilia alikuwa amekwisha panda, amekaa juu ya magunia, ametazama upande wa Masasi.

"Shuka!" Mjomba akapiga kelele.

Emilia akageuza kichwa. "Bwana Bartholomayo, mmeshanikaribisha vizuri. Niacheni niende."

Mjomba akafungua mdomo. Masikini, hakuwa na tusi hata moja. Hakuwahi kuweka akiba. Soko zima, wauza samaki, wapakiaji, wanawake na ndoo zao, wote walikuwa wakimtazama. Kisha likamtoka, kwa sauti ambayo sikuijua:

"Mwizi wa maziwa yangu! Shuka unilipe!"

Emilia akaweka mkono kifuani. Nikaona machozi yakichora njia katika vumbi la mashavuni. Halafu akatupa kichwa nyuma akacheka, kicheko kile kile cha uani kwetu, kikubwa, cha kutikisa magunia.

"Ziwa la kulia lilikuwa lako!" akamjibu. "Ulikuwa unanipiga teke, mlafi we! Ndiyo maana una tumbo!"

Akaruka kutoka kwenye lori.

Kaburi lilimalizwa, Nurdini mwenyewe akishika jembe. Jeneza lilipoletwa Emilia alikuwa amekwisha ingia shimoni, amelala chali, amevaa kofia ya kanisani ya Bibi. Wakubwa wa boma walikuwa wamesimama midomo wazi. Padre, mzaliwa wa Masasi, alifunga kitabu chake akasubiri; yeye aliyajua mambo haya ya utani.

"Ethel!" Emilia akaita kutoka mle chini. "Ethel, mtumwa mtoro!"

Neno lilikuwa limetoka. Nilimtazama mjomba wangu.

"Babu zangu walikutafuta mpaka Tunduru! Wakapoteza viatu! Kumbe umejificha huku kwenye kiu, unanyonyesha watoto wa watu! Leo nimekukamata. Lala hapa, na safari hii sikuachi utoroke!" Sauti ikamvunjika mwishoni, akajifunika uso na ile kofia.

Aliyeanza kucheka alikuwa Mjomba. Alicheka mpaka akapiga magoti ukingoni mwa shimo, na watu wote wakamfuata, Nurdini, walimu, hata wakubwa wa boma ambao hawakujua wanacheka nini. Neno lililomtesa tangu utotoni lilikuwa limesemwa mchana kweupe, mbele ya kila aliyeogopa asilisikie, na lilikuwa limekwisha nguvu. Aliyelimaliza alikuwa mtu wa pekee duniani mwenye haki ya kulisema. Nilisimama pale nimeshika mdomo. Nilikuwa nimeijua hadithi yote, na bado sikuwa nimejua kwamba inaweza kufanya hivyo.

Mjomba alinyoosha mkono akamvuta Emilia atoke. Hakuuachia mkono ule.

"Mama yako," akamuuliza, "aliitwa nani?"

"Nambano," akasema.

Mjomba akalirudia jina taratibu, kisha akamgeukia Padre. "Ukimwombea Mama, mtaje na Nambano. Waombee pamoja."

Padre alisita, kitabu kiko wazi mkononi. "Alibatizwa?"

"Sijui," Mjomba akasema. "Alikuwa mtani wetu."

Padre akainamisha kichwa, akawataja wote wawili.